Kwa nini Cessna 172 huwa nzito Wilson wakati wa mchana, na kitufe chekundu kishughulikiwe vipi kabla ya kuruka?

Kipanga wa Malindi

Wakubwa zangu na wenzangu, salaam.

Nilipata leseni ya rubani binafsi baada ya kujifunza pwani, na karibu saa zangu zote za kuruka nilizipata kati ya Malindi, Ukunda na Manda, viwanja ambavyo vyote vinakaribiana na usawa wa bahari. Kazi imenihamishia Nairobi, na sasa ninakodi ndege ndogo ya Cessna 172S katika uwanja wa Wilson kwa ajili ya burudani ya mwisho wa juma. Kabla ya kukabidhiwa ndege nilirushwa na mwalimu mwenyeji ili anikague, kama ilivyo desturi. Tuliruka mchana wa jua kali, na jambo lililonishangaza ni kwamba ndege ileile niliyoizoea ilikimbia muda mrefu ajabu kabla ya magurudumu kuachana na lami, na hata ilipoachana nayo ilipanda kwa uvivu, ilhali saa zote za injini zilionyesha kwamba hakuna hitilafu yoyote.

Najua kwa nadharia kwamba hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Ninachotaka kuelewa ni ukubwa wa athari yenyewe: ndege inapoteza nini hasa, kwa kiasi gani, na nitakipimaje mwenyewe kabla ya kuondoka nyumbani badala ya kukisia nikiwa tayari nimekaa mwanzoni mwa njia ya kurukia? Pili, pwani nilifundishwa kwamba kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa husukumwa hadi mwisho kabla ya kuruka na kabla ya kutua, pasipo mjadala. Mwalimu wa hapa alikivuta nje kidogo kabla hatujaruka, na kwa kuwa redio ilikuwa na shughuli nyingi sikupata nafasi ya kumuuliza sababu. Je, hilo halihatarishi injini?

Nauliza kwa sababu ninapanga kumchukua mke wangu na shemeji yangu twende Nanyuki asubuhi na kurudi baada ya chakula cha mchana.

Mwalimu Mstaafu

Karibu bara, mwanangu. Hilo la kutaka kupima badala ya kukisia ndilo la msingi, kwa hiyo nianze na vipimo.

Jedwali zote za ndege yako zimejengwa juu ya hewa ya kawaida ya kimataifa, ambayo katika usawa wa bahari ina nyuzi joto 15 na kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya hektopaskali 1013.25, na ambayo hupoa kwa takribani nyuzi 2 kila unapopanda futi 1,000. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa mujibu wa hewa hiyo ya kawaida, mahali penye mwinuko huo palipaswa kuwa na nyuzi 4 tu, baridi ya kuvaa koti zito. Nairobi ya mchana mkavu ina nyuzi 26 au 27. Tofauti hiyo ya joto ndiyo inayokula hewa iliyobaki.

Hesabu yenyewe ina hatua mbili. Kwanza tafuta mwinuko wa kanieneo: weka altimeta, yaani saa ya mwinuko, kwenye 1013 ukiwa bado umeegesha, usome inachoonyesha, kisha uirudishe mara moja kwenye QNH (kanieneo ya siku hiyo iliyokokotolewa hadi usawa wa bahari) uliyopewa na mnara wa waongoza ndege. Nairobi QNH mara nyingi huwa juu ya 1013, kwa hiyo mwinuko wa kanieneo huwa chini kidogo ya ule wa uwanja. Ikiwa ni 1020, kwa makadirio ya futi 30 kwa kila hektopaskali, utapata kama futi 5,300. Hatua ya pili: tafuta tofauti kati ya joto halisi na joto la kawaida la mwinuko huo, uizidishe kwa 120, na uiongeze. Kwa futi 5,300 joto la kawaida ni nyuzi 4 na nusu hivi. Ikiwa nje kuna nyuzi 27, tofauti ni nyuzi 22 na nusu, sawa na futi 2,700. Jumla inakuwa futi 8,000. Huo tunauita mwinuko wa msongamano wa hewa, nao ndio mwinuko ambao bawa, propela na injini vinaujua. Magurudumu yako Langata, lakini bawa linajiona liko karibu na kilele cha vilima vya Ngong.

Sasa ndege inapoteza nini? Vitu vitatu kwa mpigo, na watu wengi hukumbuka kimoja tu. Injini isiyo na chaja ya hewa, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada, hubaki na karibu robo tatu tu ya nguvu zake, kwa kuwa kila silinda inavuta hewa pungufu. Propela, ambayo nayo ni bawa linalozunguka, inasukuma hewa nyepesi na kwa hiyo inazalisha msukumo mdogo. Cha tatu ni bawa lenyewe: litahitaji kasi ileile inayoonyeshwa na saa ya mwendo ili linyanyue ndege, lakini katika mwinuko huo noti 55 (noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa) zinazoonyeshwa ni kasi halisi ya noti 62. Unatakiwa kufikia kasi kubwa zaidi juu ya ardhi kwa kutumia injini dhaifu zaidi, na kwa kuwa umbali wa kukimbia huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, ongezeko la asilimia 13 katika kasi ni ongezeko la zaidi ya robo katika umbali, hata kabla hatujaigusa injini.

Ukilinganisha na Malindi, usisahau kwamba Malindi nayo haiko kwenye hewa ya kawaida. Kwenye nyuzi 32 mwinuko wake wa msongamano unafika futi 2,000, na unyevunyevu, ambao jedwali za ndege hizi haziuhesabu, unaongeza kidogo. Kwa makadirio yangu ya harakaharaka, mbio zako za ardhini Wilson wakati wa mchana zitakuwa karibu mara moja na nusu ya zile za Malindi kwa uzito uleule. Hayo ni makadirio ya kukupa picha. Hesabu ya safari ifanye kwa kitabu cha ndege husika.

Mbio za ardhini, hata hivyo, si zinazonitia wasiwasi, kwa sababu njia za Wilson si fupi kwa Cessna 172. Kinachonitia wasiwasi ni kupanda. 172S mpya, ikiwa na uzito wake kamili, hupanda futi 730 kwa dakika katika usawa wa bahari, na dari yake ya kazi, yaani mahali ambapo imebakiwa na futi 100 tu kwa dakika, ni futi 14,000. Ukichora mstari kati ya namba hizo mbili utaona kwamba kwenye futi 8,000 imebakiwa na kama 370. Kwa kuwa wakati huohuo kasi yako halisi imeongezeka, mteremko wa kupanda unakuwa futi kama 270 kwa kila maili ya bahari, wakati Malindi ungepata takribani 500. Ni nusu. Chora mstari huo kwenye ramani ya eneo lililo mbele yako, halafu ukumbuke kwamba ndege unayokodi si mpya.

Wakati mwingine huwa nawaza kwamba Florence Kerr Wilson, ambaye uwanja huu una jina lake, alianzisha shirika lake la ndege hapa Nairobi mwaka 1929 akiwa na Gipsy Moth moja, yenye injini ndogo kuliko hiyo unayoilalamikia. Waliruka asubuhi mapema, na hawakuwa wajinga.

Fundi wa Hanga

Mwalimu ameeleza hewa, mimi nieleze kitufe chekundu, maana ndicho kinachonipa kazi kila juma.

Mfumo wa mafuta wa injini hizi, uwe wa kabureta au wa kupuliza kama ulio kwenye 172S, umewekwa ili kitufe kikisukumwa hadi mwisho utoe mafuta mengi kwa ajili ya hewa nzito ya usawa wa bahari. Mafuta hayo ya ziada hayapotei bure, kwani huipoza silinda wakati injini inatoa nguvu zake zote. Ukiileta injini hiyohiyo Wilson, hewa imepungua lakini mafuta hayajapungua kwa kiwango hichohicho, na kwa hiyo injini inazama katika mafuta. Inakosa nguvu, inatetemeka, na plagi za chini zinajaa madini ya risasi, kwa sababu petroli yetu ya ndege ya 100LL, ingawa jina lake linadai kwamba risasi ni kidogo, bado ina risasi ya kutosha kuziba plagi.

Mtengenezaji wa injini, Lycoming, anasema wazi kwamba kwa injini isiyo na chaja na yenye propela isiyobadilika pembe, ikiwa mwinuko wa msongamano ni futi 5,000 au zaidi, mafuta yapunguzwe huku throto, yaani kidhibiti cha nguvu ya injini, ikiwa wazi kabisa hadi mizunguko ya injini ifike kilele, kabla ya kuruka. Vitabu vya Cessna 172 navyo vinataja futi 3,000 za mwinuko wa uwanja kuwa mahali pa kuanzia. Kwa hiyo yule mwalimu hakubuni kitu. Kwa vitendo, simama mahali pasipo kokoto, bana breki, fungua throto yote, vuta kitufe chekundu polepole ukiangalia saa ya mizunguko. Namba itapanda, itafika kilele, kisha itaanza kushuka. Rudisha hadi kwenye kilele, halafu usukume ndani kidogo zaidi ili ubaki upande wenye mafuta. Kwenye kiwanja cha murram usifanye hivyo ukiwa umesimama, kwa sababu propela itafyonza mawe na mimi nitakaa siku nzima nikisawazisha kingo zake kwa tupa. Pale anza mbio taratibu na urekebishe ndege ikiwa imeshaanza kutembea.

Kuhusu hofu ya kuiharibu injini: hatari ya kupunguza mafuta iko pale injini inapotoa zaidi ya asilimia 75 ya nguvu zake, ambapo joto na mgandamizo vinaweza kufanya mchanganyiko ulipuke ovyo ndani ya silinda. Kwenye futi 8,000 za msongamano injini yako haiwezi kuvuka kiwango hicho hata ukiisukuma namna gani. Pwani inaweza, na ndiyo maana mwalimu wako wa pwani alikuwa sahihi kwa mazingira ya pwani. Mwenye injini yenye chaja ya hewa asifuate maelezo haya hata kidogo. Yeye asukume kitufe hadi mwisho, kwa sababu chaja inairudishia injini yake hewa ya usawa wa bahari.

Nina ombi moja kwa marubani wote wanaokodi: mnapotembea ardhini kwenda kwenye njia, vuteni kitufe nje sana, kiasi kwamba mkijaribu kufungua throto injini inakohoa. Plagi zitabaki safi, na hamwezi kuruka kwa bahati mbaya na mpangilio huo kwa sababu injini yenyewe itakataa. Ndege nyingi zinazoletwa kwangu kwa madai kwamba magneto, kifaa kinachozipa plagi umeme, imekufa, kwa kuwa mizunguko imeshuka kupita 150 wakati wa ukaguzi, zina plagi chafu na si kingine. Mara nyingi hata hazikuhitaji kuletwa: punguza mafuta ukiwa kwenye mizunguko 1,800 au zaidi kidogo kwa dakika moja hivi, plagi zijiunguze zenyewe, kisha urudie ukaguzi. Ikiwa bado inashuka, hapo rudi hanga.

Kipanga wa Malindi

Nawashukuru sana, mwalimu na fundi. Nimefanya hesabu ya asubuhi: ikiwa kuna nyuzi 14 saa moja asubuhi, kwa mwinuko uleule wa kanieneo wa futi 5,300, ninapata futi 6,450 hivi. Sikutegemea kwamba saa chache tu za jua zinaweza kuuongeza uwanja uleule futi 1,500.

Limenijia swali lingine kuhusu kutua. Kama kasi halisi ni kubwa kuliko inayoonyeshwa, je, niongeze noti kadhaa kwenye kasi ya kuja kutua ili bawa lisipoteze mnyanyuko? Na je, kile kitufe chekundu nikisukume hadi mwisho kama orodha yangu ya ukaguzi inavyoagiza?

Mkenya wa Denver

Nitangulie kulijibu la kasi, kwa sababu hapa Colorado ndilo kosa linaloonekana sana kwa wageni. Usiongeze hata noti moja. Saa ya mwendo inapima mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye mrija, na bawa linanyanyuliwa na mgandamizo huohuo, kwa hiyo vyote viwili vinadanganywa kwa kiasi kimoja na vinabaki vikikubaliana. Ukija na noti 65 Malindi, njoo na 65 Wilson.

Shida iko machoni. Ardhi itapita chini yako kwa kasi kubwa kuliko uliyoizoea, na mwili utakushawishi kwamba unakwenda mbio mno, kwa hiyo mkono utataka kuvuta usukani na kupunguza mwendo. Huko ndiko kunakoleta hatari, hasa katika kona ya mwisho ya kuingia kwenye mstari wa njia, ambayo nayo itakuwa pana zaidi kwa sababu ya kasi halisi. Amini saa, usiamini dirisha. Baada ya magurudumu kugusa, utahitaji umbali mrefu zaidi wa kusimama, na breki zitapata joto zaidi.

Uwanja ninaorukia, Centennial, uko futi 5,885, karibu pacha wa Wilson kwa mwinuko. Hapa mitambo ya hali ya hewa katika viwanja vingi hutangaza mwinuko wa msongamano kwenye redio yenyewe, bila rubani kuuliza. Ni jambo zuri, ingawa nimeona linavyowafanya watu wasikie namba kila siku hadi wasiisikie tena. Mtu akiikokotoa mwenyewe kwa kalamu, angalau inamwingia kichwani.

Kuhusu joto la mchana, naomba nimpinge mwalimu kidogo. Mchana haukatazwi. Tunaruka mchana hapa majira yote ya joto, tukiwa na abiria mmoja badala ya watatu, na hakuna miujiza yoyote. Uzito ndio unaoamua, saa inafuata.

Mwalimu Mstaafu

Sijaukataza mchana, ndugu yangu wa Denver, lakini nakubali kwamba nilielemea kwenye saa nikasahau mizani. Namkumbusha tu kijana wetu kwamba huku kwetu mchana hauji na joto peke yake. Njia ya kwenda Nanyuki inapita kati ya Aberdare na Mlima Kenya, na mawingu hujijenga juu ya milima hiyo miwili kuanzia asubuhi kuelekea adhuhuri. Ndege inayopanda futi 370 kwa dakika, tena katika hewa inayoyumba, haina ubavu wa kushindana na hewa inayoshuka upande wa chini wa upepo.

Na kuhusu kitufe wakati wa kutua: orodha yako imeandikwa kwa ajili ya pwani. Fikiria kwamba uko kwenye mita za mwisho, mnara unakuamuru uahirishe kutua na upae tena kwa sababu kuna ndege bado haijatoka njiani. Ukifungua throto huku kitufe kikiwa kimesukumwa hadi mwisho, unaitaka injini nguvu na wakati huohuo unaizamisha. Weka mchanganyiko mahali palepale ulipopata kilele ulipokuwa unaruka, au ndani kidogo ya hapo, na uwe umepaona kwa jicho. Wengine hupima kwa upana wa kidole kati ya kitufe na paneli.

Rubani wa Meru

Mimi ninarukia Arusha, ambako uwanja uko karibu futi 4,550 na Mlima Meru umesimama upande wa kaskazini. Nimesoma yote, na naona mizani imetajwa bila kufanyiwa hesabu, basi niifanye.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza ina kijitabu cha usalama kwa marubani binafsi ambacho nimekitumia miaka mingi pamoja na kitabu cha ndege. Kinasema kwamba uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali wa kuruka huongezeka kwa asilimia 20. Nyasi kavu fupi huongeza asilimia 20, nyasi zilizolowa maji asilimia 30, na njia inayopanda kwa asilimia 2 huongeza asilimia 10. Vipimo hivyo vinazidishwa, havijumlishwi. Nyasi zilizolowa kwenye njia inayopanda ni 1.3 mara 1.1, na mtu anayejumlisha kichwani atapata namba ndogo kuliko ukweli. Mwisho wa yote wanashauri uzidishe tena kwa 1.33 kwa ajili ya kuruka na 1.43 kwa ajili ya kutua, kwa sababu namba za kitabu zilipatikana kwa ndege mpya mikononi mwa rubani wa majaribio. Kuna marubani wanaokiona kiongezo hicho cha mwisho kuwa ni woga. Mimi nakiona ndicho kinacholipia umri wa injini, propela iliyopigwa tupa na fundi wetu hapo juu, na mkono wangu mwenyewe.

Kuhusu upepo, kitabu cha 172 kinakupa punguzo la asilimia 10 kwa kila noti 9 za upepo wa mbele, lakini kinakutoza asilimia 10 kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma. Angalieni tofauti hiyo vizuri kabla ya kukubali kuruka na upepo mgongoni kwa sababu tu njia ya kutembea ardhini ni fupi zaidi upande huo.

Sasa safari ya Nanyuki. Kutoka Wilson ni chini kidogo ya maili 80 za bahari. 172S iliyojazwa tangi zote ina galoni 53 zinazotumika, karibu lita 200, ambazo peke yake ni kilo 144. Kwenda na kurudi, pamoja na akiba ya saa nzima, hakuhitaji zaidi ya galoni 30, yaani lita 115 hivi. Ukiacha zile 23 nyingine kwenye kisima cha muuzaji umepunguza kilo 63, mtu mzima mwembamba. Kwa ndege yenye uzito wa juu wa kilo 1,157 hiyo ni zaidi ya asilimia 5, na umbali wa kuruka unapungua kwa kama asilimia 10 bila wewe kugusa kitu kingine. Sielewi kwa nini watu hujaza tangi kwa mazoea halafu wanawaomba abiria waache mabegi. Ila usinukuu hesabu yangu kwa mdomo: ulizia kabla kama petroli ya ndege itapatikana Nanyuki siku hiyo, na kama huna uhakika, panga kana kwamba haipo.

La mwisho, amua mahali pa kukata tamaa kabla hujaachia breki. Chagua alama iliyo katikati ya umbali wa njia, iwe mchepuko wa kutokea au jengo. Ndege inayoongeza kasi sawasawa hufikisha asilimia 70 ya kasi ya kunyanyuka inapofika nusu ya umbali inaouhitaji. Kama unanyanyua kwa noti 55, basi pale katikati saa ionyeshe angalau 39. Ikionyesha 34, funga throto na usimame, hata kama nyuma yako kuna msururu wa ndege za watalii na mwongozaji ana haraka. Una nusu nzima ya njia ya kusimamia.

Kipanga wa Malindi

Nimekaa na kitabu cha ndege jioni hii. Nanyuki iko zaidi ya futi 6,000. Kwa mwinuko wa kanieneo wa 6,000 na nyuzi 26 za baada ya chakula cha mchana ninapata karibu futi 8,800, na kwa nyuzi 20 za saa nne asubuhi ninapata karibu 8,000. Kwa hiyo mpango umebadilika: tutaondoka Wilson mnara ukianza kuruhusu, tutakunywa chai Nanyuki badala ya kula mchana, na tutageuza kabla ya saa nne na nusu. Mafuta ni lita 115, baada ya kuthibitisha akiba. Nimeshamwambia shemeji kwamba nitawapima yeye na begi lake kwenye mizani ya kweli, na hakufurahi.

Mwezi ujao nitairudisha ndege hiyo pwani kwa wiki moja. Je, kuna la kubadilisha nikitoka huku juu kwenda Malindi?

Fundi wa Hanga

Lipo, na ni kinyume cha yote tuliyoyasema. Ukiwa angani kwenye futi 9,500 utakuwa umepunguza mafuta sana, na safari ndefu humfanya rubani asahau kitufe kiko wapi. Unapoanza kushuka kuelekea Malindi, sukuma kitufe chekundu ndani kidogokidogo, kila baada ya futi 1,000 hivi, kwa sababu hewa inazidi kuwa nzito na mafuta uliyoyaacha juu hayatoshi huku chini. Ukifika kwenye mzunguko wa uwanja kiwe kimeingia hadi mwisho, kama ulivyofundishwa. Usikisukume chote kwa mkupuo ukiwa bado juu, injini itazama. Na usishuke na throto imefungwa kabisa kutoka juu huko, silinda hazipendi kupozwa ghafla. Anza kushuka mapema, futi 500 kwa dakika zinatosha.

Halafu siku ya kuondoka Malindi kurudi Nairobi, fanya ukaguzi wa magneto kitufe kikiwa kimesukumwa hadi mwisho, usije ukaanza kuvuta kitufe kwa mazoea ya Wilson.

Kipanga wa Malindi

Nimeandika yote kwenye karatasi mbili tofauti, moja ya bara na moja ya pwani, na zote zitakaa kwenye ubao wa goti. Asanteni sana. Mizani nimeazima kwa jirani anayeuza nafaka.